Mlipe mwanafunzi akukosoe: namna ya kuanzisha ubia wa mwalimu na mwanafunzi chuoni

Nafundisha uhasibu, mwaka wa kwanza, chuo cha umma. Darasa langu la mwisho lilikuwa na wanafunzi 386. Ukumbi una viti 300. Waliobaki wanakaa kwenye ngazi, au wanasimama mlangoni wamekumbatia mabegi. Miaka tisa nimefundisha kumbi za namna hiyo nikijiaminisha kwamba najua kinachoendelea ndani yake, maana kila baada ya muda nauliza, "Tuko pamoja?" na ukumbi mzima unaitikia, "Ndiyooo." Matokeo yakitoka, theluthi moja wana sapu, yaani wamefeli na watarudia mtihani.

Siku moja kijana wa mwaka wa tatu, ambaye nilikuwa namlipa shilingi 4,000 kwa saa, alinigeuzia daftari lake tukiwa tumekaa vimbwetani, yale mabenchi ya nje ya kusomea. Hakusema kitu. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja nikausoma mwenyewe: "Tuko pamoja: mara 31. Aliposubiri kwa muda mrefu kuliko zote: sekunde 2."

Alikuwa amepima kwa simu.

Nimeulizwa na walimu wenzangu mara kadhaa tulianzaje utaratibu huu wa kumlipa mwanafunzi awe mbia wa mwalimu, nani aliidhinisha, hela zilitoka wapi. Naandika hapa nisirudie kila mara. Nitakaa sana kwenye hela, kwa sababu ndipo nilipoharibu mwanzoni, na ndipo wengi wanapotaka kuruka.

Kwanza tuelewane ni kitu gani

Mbia si mwalimu msaidizi. Haelekezi semina na hasahihishi. Si CR, mwakilishi wa darasa, pia; CR kachaguliwa na wenzake, ana wajibu kwao, na kazi yake kubwa ni kutangaza kwamba kipindi kimehamishwa. Wala si ile fomu ya tathmini ya mwisho wa muhula ambayo mwanafunzi anaijaza akiwa ameshamaliza somo, hivyo hata ukibadilika yeye hafaidi chochote, na anajua.

Mbia ni mwanafunzi anayeingia kwenye kipindi chako kila wiki, haandiki somo bali anaandika kinachotokea, kisha mnakaa wawili mnazungumza, na kwa kazi hiyo analipwa. Basi. Kwa sisi watu wa uhasibu neno mbia lina maana yake kamili: mtu aliyeleta mtaji. Huyu mtaji wake ni kwamba aliketi kwenye zile ngazi, na mimi sijawahi.

Utaratibu huu una wenyewe. Chuo cha Bryn Mawr, Pennsylvania nchini Marekani, kwa kushirikiana na jirani yake Haverford, wamekuwa nao tangu 2006 na 2007, chini ya profesa wa elimu anayeitwa Alison Cook-Sather. Pale mwanafunzi hatoki kwenye darasa analolitazama, anaandika kumbukumbu za kina, anakutana na mwalimu kila wiki na pia anakutana na wabia wenzake, na analipwa kwa saa. Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walianza wa kwao mwaka 2013. Uingereza kuna kadhaa, na Queensland kule Australia wanao. Niliuchukua wa Bryn Mawr nikaukata kata mpaka ukatosha mfuko wetu na ukumbi wetu. Usiogope kukata. Darasa la Bryn Mawr linaweza kuwa la watu kumi na watano. La kwako lina watu 386 na spika moja inayokoroma.

Hela

Nianze na aibu yangu.

Mara ya kwanza nilianza bila hela mkononi. Nilikuwa nimeandika dokezo kwa Mkuu wa Idara, likapita, likapanda kwa wakubwa, nikaambiwa "limekubaliwa kimsingi". Mtu yeyote aliyefanya kazi serikalini anajua "kimsingi" maana yake nini; mimi nilijifanya sijui. Nikamwita kijana mmoja, mtoto wa Kahama, mchapakazi, nikamwambia aanze, hela inakuja.

Wiki nne za kwanza alikuwa moto. Kurasa sita, kurasa saba kwa kipindi kimoja. Wiki ya tano zikawa mbili. Wiki ya sita daftari likaanza kunisifu: "Somo lilikuwa zuri. Madam alieleza vizuri." Nilifurahi, nakiri. Wiki ya saba nikaona ameandika kwamba nilitoa mfano wa duka la nguo, na siku ile sikutoa mfano wa duka la nguo. Nilikuwa nimeutoa kwa kundi la mchana. Nikamuuliza taratibu. Akainama. Alikuwa haingii darasani. Bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, lilichelewa, chumba alichopanga kiko mbali, nauli hana, na saa za kipindi changu alikuwa anasaidia kwenye stesheneri moja nje ya geti, anatoa kopi, analipwa jioni ile ile. Maelezo ya kipindi alikuwa anayapata kwa rafiki.

"Sasa kwa nini hukuniambia hela haijaingia?"

"Madam, ningekudai vipi?"

Ndipo nilipoelewa. Kama hawezi kunidai elfu ishirini zake za wiki, ambazo ni haki yake kabisa, atawezaje kuniambia kwamba somo langu halieleweki? Mtu unayemdai unamsifu. Ukiwa mnyonge mbele yake unamsifu zaidi. Malipo yake yaliingia baada ya mtihani wa mwisho, na mengine nilitoa mfukoni mwangu. Tangu siku ile sianzi na mbia yeyote kabla fedha haijakaa mahali ninapoweza kuishika.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Mbia wangu anafanya saa tano kwa wiki: saa mbili za kipindi, saa moja ya kusafisha maandishi yake, saa moja na mimi, saa moja na wabia wenzake. Wiki 12. Hizo ni saa 60, kwa shilingi 4,000 ni 240,000 kwa muhula. Tulikuwa walimu watatu, kila mmoja na mbia wake, kwa hiyo 720,000, na tukaongeza 40,000 za bando na madaftari. Jumla 760,000. Semina moja ya "kujengeana uwezo" hotelini inakula zaidi ya hapo kwa chai na sambusa peke yake.

Kiwango cha saa sikukitoa hewani. Nilikwenda kuuliza kwenye stesheneri wanawalipa vijana kiasi gani kwa siku, nikahakikisha changu hakiko chini. Wiki moja ya mbia ni 20,000, sawa na siku mbili za fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, ambayo sasa ni 10,000 kwa siku. Hatajenga, lakini hatalazimika kuchagua kati ya kipindi changu na nauli.

Kwenye dokezo, neno utakalotumia litaamua hatima yake. Ukiandika "posho", watakuuliza posho ya nini, ya kikao au ya safari, na wataidai orodha ya mahudhurio. Ukiandika "mshahara" au "ajira", utapelekwa utumishi, na huko utaambiwa ajira zina kibali chake. Andika "malipo kwa saa kwa wasaidizi wa utafiti wa ufundishaji". Msaidizi wa utafiti ni mnyama ambaye mhasibu anamjua, ana kifungu chake na fomu yake. Wala si uongo, maana kinachofanyika ni utafiti. Ambatanisha karatasi ya saa, wewe na yeye mnasaini kila Ijumaa. Omba fedha itoke kama masurufu kwa jina lako, yaani unapewa kwanza na kuitolea hesabu baadaye, uwalipe kwa simu kila baada ya wiki mbili, kisha ufanye marejesho. Usikubali mpango wa "watalipwa wote mwisho wa muhula". Umeshaona ulikonifikisha.

Na kama idara haina kitu? Anza na mbia mmoja, wiki sita, 120,000. Walimu watatu mkichanga ni 40,000 kila mmoja. Lakini bure usianze. Najua utaambiwa vijana wapo tayari kujitolea, tuwape cheti. Cheti hakinunui wali maharage. Na wanaoweza kujitolea saa tano kila wiki ni wale ambao nyumbani wanatumiwa hela. Ukiwatumia hao utasikia mawazo ya wanaokaa viti vya mbele, ambayo tayari unayajua, kwa sababu ndio wanaokuja ofisini kuuliza maswali.

Umchague nani

Kila mwalimu anayeniuliza ana jina mdomoni tayari, na kila mara ni la mwenye A. Mwache. Aliyepata A hakumbuki alipopotea kwa sababu hakupotea. Mimi natafuta aliyepita somo langu kwa C, au kwa sapu, kisha akasimama. Binti mmoja wa Lindi niliyefanya naye kazi mwaka wa pili wa utaratibu huu alikuja chuoni akitokea HGL (historia, jiografia na lugha), hajawahi kuona leja kwa macho, akakaa darasa moja na waliotoka ECA (uchumi, biashara na uhasibu) ambao walikuwa wanapiga urari tangu kidato cha tano. Alipata sapu kwangu. Yeye alijua kwa usahihi ni wiki gani, siku gani, mfano gani uliomwacha.

Masharti mengine ni mafupi. Asiwe kwenye darasa unalofundisha sasa hivi. Asiwe unayemsimamia ripoti yake ya mwisho. Asiwe mtoto wa jirani yako. Kwa ufupi, alama zake zisipite mikononi mwako hata kwa bahati mbaya. Na utangaze nafasi hadharani, ubaoni na kwenye magrupu, wala usimwite mtu kimya kimya. Vinginevyo kabla ya jua kuzama ataitwa chawa wa madam, yaani mtu wa kujipendekeza.

Ataitwa tu, hata hivyo. Hilo nitalirudia.

Siku ya kwanza

Ofisini hapafai. Ofisini kuna meza, na meza ikiwa katikati yenu yeye atasema "ndiyo madam" mpaka mlale hapo. Sisi tunakaa vimbwetani, chini ya mwarobaini, saa kumi jioni watu wakipita. Wapo wanaoshauri mwanafunzi amwite mwalimu kwa jina lake ili kuondoa tofauti ya vyeo. Nilijaribu kumwambia binti wa Lindi hivyo, akacheka kwa kufunika mdomo na siku nzima hakuniita chochote. Niliacha. Abaki na "shikamoo madam" yake. Heshima haizuii ukweli ikiwa umeutafutia njia ya kupita.

Njia yenyewe ni daftari. Kijana wa kwetu hawezi kumwambia mtu wa umri wa mama yake usoni kwamba amekosea, na mimi sidhani ni kasoro ya malezi. Lakini anaweza kuandika "saa 2:31, nyuma yangu mtu amesema: hapo kaniacha" kisha akaligeuza daftari. Si yeye aliyesema, ni saa 2:31. Kwa hiyo siku ya kwanza msizungumzie falsafa. Mfundishe daftari.

Na kabla hujamwomba akuseme, jiseme wewe. Mimi nilimweleza kijana wa Kahama jinsi nilivyowahi kufunga urari ubaoni mbele ya watu 300, ukakataa kulingana, nikadanganya kwamba muda umekwisha. Alicheka mpaka akakaa vizuri.

Zungumzeni Kiswahili. Kipindi kitakuwa kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo sheria ya chuo, lakini kueleza ni wapi hasa akili ilikwama kunahitaji lugha ambayo mtu anaiotea ndoto.

Daftari

Safu tatu. Ya kwanza saa. Ya pili kilichotokea, bila kupamba: nani kafanya nini, nani kasema nini, bila neno "vizuri" wala "vibaya". Ya tatu, anachojiuliza. Safu hizo nazo ni za Bryn Mawr, na mimi sikuzigusa kwa sababu zinafanya kazi. Huu hapa ukurasa mmoja wa kipindi cha asubuhi, nimeupunguza:

Saa 2:15. Madam anaandika mfano ubaoni, mauzo ya mkopo. Mbele wananakili. Kwenye ngazi hakuna anayeandika. / Kalamu ya kijani haionekani kuanzia safu ya nane. Anajua?

Saa 2:31. "Tuko pamoja?" Wote: ndiyo. Nyuma yangu: "Hapo kaniacha." / Swali hili lina jibu lingine zaidi ya ndiyo?

Saa 2:50. Msichana ameuliza swali kwa Kiingereza, watu watatu wamecheka matamshi yake. Madam hakusikia vicheko, kajibu swali. / Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena mpaka mwisho.

La kalamu nililimaliza kesho yake, nilinunua nyeusi. La "tuko pamoja" lilichukua muda mrefu, kwa sababu ni ugonjwa, na sijapona kabisa. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aliandika tangu miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakiuliza husubiri kama sekunde moja tu, na kwamba wakifikisha sekunde tatu majibu ya wanafunzi yanarefuka. Nilikuwa nimeshayasoma hayo. Nilikuwa nimeyafundisha, hata, kwenye semina. Sikuyaona kwangu mpaka mtoto aliponipima kwa simu. Siku hizi swali langu lazima liwe na jibu ("Tukilipa pango kwa fedha taslimu, akaunti gani inapungua?"), halafu nafunga mdomo na kumeza mate mara tatu.

Lile la msichana aliyechekwa ndilo lililonikosesha usingizi. Fikiria: mtu amesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, akageuziwa kibao kidato cha kwanza, leo yuko mbele ya watu 386 amejikaza ameuliza, na amechekwa, na mimi mwalimu wake najibu swali nikiwa nimeridhika kwamba darasa langu lina uhai. Wiki iliyofuata nilitangaza mambo mawili. Swali linaweza kuja kwa karatasi, linapitishwa mkono kwa mkono hadi mbele. Na linaweza kuja kwa Kiswahili. Mimi nitalirudia kwa Kiingereza na kulijibu. Siku ya kwanza zilikuja karatasi kumi na nne. Miaka tisa sijawahi kupata maswali kumi na manne kwa kipindi kimoja.

Meseji ya bumu

Nataka nieleze moja kwa kirefu, kwa sababu watu wakisikia "ubia" wanafikiri ni habari ya tabia tu, kalamu na vicheko. Wakati mwingine mbia anagusa somo lenyewe.

Wiki ya tatu huwa nafika kwenye debiti na krediti. Kanuni ni nyepesi: fedha ikiingia, akaunti ya fedha inadebitiwa, ikitoka, inakreditiwa. Kila mwaka nusu ya darasa wanageuza. Nilikuwa nimeamua kwamba hawasomi, wanakariri madesa ya mwaka juzi.

Binti wa Lindi aliandika kwenye safu ya tatu: "Bumu likiingia benki inatutumia meseji kwamba akaunti yako imekreditiwa. Madam anasema hela ikiingia ni debiti. Nani muongo, benki au madam?"

Nilikaa na ule mstari dakika nzima. Wanafunzi wangu wengi wamefungua akaunti ya benki kwa mara ya kwanza maishani kwa sababu ya mkopo wa chuo. Neno "krediti" wamekutana nalo kwenye simu, siku ya furaha kubwa kuliko zote za muhula, likiwa na maana ya hela imeingia. Kisha mimi nakuja na projekta nawaambia kinyume chake, wala sijui kwamba nabishana na simu zao.

Na jibu ni zuri, ni somo zima ndani yake. Benki haidanganyi na madam hadanganyi. Meseji ile ni mstari uliokatwa kutoka kwenye vitabu vya benki, si vya kwako. Hela yako ikikaa benki, kwa benki ni deni, kwa sababu siku yoyote utakuja kuidai. Na deni likiongezeka linakreditiwa. Wewe ukiandika daftari lako mwenyewe, fedha imeongezeka, unadebiti. Muamala mmoja, vitabu viwili, kila mmoja ameandika akiwa amesimama upande wake.

Wiki iliyofuata nilianza kipindi kwa kuonyesha meseji ya benki ukutani, nimefuta namba. Kelele zilipigwa, maana siku hizo bumu lilikuwa halijatoka. Nikauliza: haya ni maandishi ya nani? Nikameza mate. Kutoka kwenye ngazi mtu akasema kwa sauti ndogo, "Ya benki." Kisha ikaja ile "Aaaah" inayoanzia kona moja na kusambaa, ambayo haifanani kabisa na "Ndiyooo".

Katikati ya muhula

Wiki ya sita mimi natoka nje ya ukumbi kwa dakika ishirini, mbia anabaki nao. Anagawa vipande vya karatasi na kuuliza matatu tu: kipi kinakusaidia, kipi kinakukwamisha, ungebadilisha nini. Hakuna majina. Yeye na wenzake wanazipanga mafungu jioni ile na kuniletea mafungu, si karatasi. Mwandiko wa mtu nisiuone.

Lazima urudi na majibu kipindi kinachofuata, na majibu yawe ya aina mbili: hili nitalibadilisha kuanzia leo, hili sitalibadilisha na sababu ni hii. Waliniomba nitoe mazoezi yakiwa na majibu yake. Nilikataa, nikaeleza. Hawakununa kama nilivyodhani. Kinachoudhi watu ni kuulizwa kisha kusikia kimya.

Yatakayokusumbua

Chawa. Kijana wa Kahama aliitwa hivyo, na kabla ya jaribio la pili mtu aliandika kwenye grupu la darasa kwamba ana maswali, madam kampa. Hakuwa nayo. Lakini kuna waliomfuata hosteli usiku kumtaka ayatoe, na mmoja alimtishia. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimemtambulisha vizuri. Sasa wiki ya kwanza nasimama naye mbele na kusema mambo matatu waziwazi: huyu ananitazama mimi, hawatazami ninyi, haoni mtihani, haoni jaribio, haoni alama ya mtu, na analipwa na idara, kiasi hiki. Kutaja kiasi kunasaidia kuliko nilivyotarajia. Watu wakijua ni kibarua halali wanaacha kubuni ni rushwa ya namna gani.

Wenzako. Mwalimu mmoja aliniuliza kwenye korido, "Yaani unamlipa mtoto akutukane?" Sina dawa yake. Usimvute. Mambo haya ni ya hiari, na mwalimu aliyelazimishwa atalitumia daftari kumtafuta mchawi.

Wakubwa. Siku utaombwa daftari: na Mkuu wa Idara, na watu wa uthibiti ubora, na kwa nia njema kabisa. Usilitoe. Andika kwenye dokezo lile la mwanzo kwamba maandishi ya mbia ni ya mwalimu na mbia, na kwamba idara itapata ripoti ya kurasa mbili mwishoni. Daftari likishaingia kwenye faili la mtu la kupandishwa cheo, hakuna atakayekubali mbia tena.

Kuna wakubwa wataogopa wanafunzi "kupewa kichwa". Hofu hiyo ni ya zamani. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliingia kwenye mgogoro mkubwa baada ya rais wa wanafunzi, Akivaga, kuandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo na kufukuzwa. Mimi nikikutana na hofu hiyo nasema tu kwamba barua ya wazi huandikwa na mtu ambaye hakuna aliyemuuliza.

Usiniulize kama sapu zimepungua. Zimepungua, lakini mwaka ule waliingia wengi wa ECA, kwa hiyo sijipigii kifua.

Kufunga

Wiki ya 12 mbia anaandika ukurasa mmoja kwa ajili ya atakayemfuata: madam anaudhika na nini, anasikia nini haraka, nini usimwambie Jumatatu asubuhi. Sisomi ukurasa huo. Mwandikie barua ya utambulisho inayoeleza kazi aliyoifanya kwa saa na kwa mambo yaliyobadilika, siyo "ni kijana mwadilifu na mchapakazi". Binti wa Lindi aliipeleka ya kwake kwenye usaili, akaulizwa kuhusu meseji ya benki kwa dakika kumi.

Malipo ya mwisho yawe yametoka kabla hajaanza mitihani yake. Kama ni muhula wa pili, kumbuka vitabu vya serikali vinafungwa tarehe 30 Juni na muhula unaweza kuvuka hapo, hivyo marejesho ya masurufu yapeleke mapema Juni, na risiti za simu zichapishe kwenye karatasi. Mhasibu hatazikubali zikiwa kwenye kioo.

Dokezo la mwaka ujao liandike wiki ya kumi. Usiandike "kimsingi".